Mjomba Alipoketi Kwenye Mahojiano Yangu

Nimelelewa na watu ambao, mtu akijisifu mbele yao, wanamtazama kana kwamba amevua shati kanisani. Kwa hiyo ile bursi, yaani ufadhili wa kwenda kusoma shahada ya uzamili ng'ambo, ilinisumbua tangu mwanzo.

Wenye bursi walitafuta watumishi wa umma: watu wenye kazi ya serikali, watakaosoma na kurudi kuifanya vizuri zaidi. Hapo nilifaa kabisa. Nilikuwa katika idara ya maji mjini Goma, na kazi yangu ilikuwa kutafuta mahali pa kuweka mabomba kila vita vilipotuletea wakimbizi wapya, jambo ambalo halikuninyima kazi hata wiki moja. Ila waliuliza: "Wewe binafsi umefanya nini?" Nikawaeleza habari za mafundi wa mtaa wa Ndosho, za chifu wa huko aliyetoa kiwanja, za akina mama waliovunja mawe ya volkano ili bomba lipite. Wakanijibu kwa adabu kubwa kwamba mchango wangu hauonekani. Mwaka uliofuata nikaandika yaleyale kwa maneno mazuri zaidi, wakanikataa kwa adabu ileile.

Mara ya tatu ilikuwa ya mwisho, kwa sababu nilikuwa nakaribia kuvuka umri wanaoukubali. Mwenzangu mmoja wa kazini, mtu wa Bukavu asiye na haya hata kidogo, aliketi nami akaanza kuwatoa watu kwenye maelezo yangu. Alimtoa chifu, akawatoa mafundi, akawatoa akina mama, hadi nikabaki peke yangu juu ya mawe meusi nimeshika bomba. Niliona aibu hata kuyatuma. Wakaniita kwenye mahojiano, ya kuonana kwa kompyuta.

Wakati huo nyumba yetu mtaani Keshero ilikuwa imejaa. Vita vilikuwa vimemfukuza mjomba wangu kutoka Rutshuru, na sasa yeye na familia yake walilala sebuleni kwetu. Mjomba alikuja na begi moja jeusi, akaliweka chini ya kiti, akakataa katakata kuondoa vitu ndani yake. Mama alimpa nafasi kabatini, hakutaka.

"Nitalifungua siku nitafika kwetu," alisema. "Huku niko mugeni."

Ndani ya begi hilo mlikuwa na koti lake la harusi. Kule Rutshuru mjomba alikuwa msemaji. Kwetu, watu wakija kuposa, msichana hajisemei, na baba yake pia hasemi. Familia inamweka mtu mmoja mwenye ulimi mzuri, na huyo ndiye anayesifu, anayedai, anayekasirika kidogo panapohitajika. Mjomba alikuwa amewaoza nusu ya wasichana wa kata yake, na alijivunia kwamba hakuna hata mmoja aliyerudishwa.

Sasa mimi, kwa ujinga wangu, nikawaeleza nyumbani kwamba kuna wageni watatu watakaoniuliza maswali ili waone kama nafaa kuchukuliwa.

Mjomba akaweka kikombe chake chini. "Bageni batatu banakuja kuuliza juu ya mutoto wetu. Na nani atasema?"

"Ni mimi, mujomba."

"Wewe mwenyewe? Utajisifia mbele ya batu?"

Akamtazama mama. Mama akatazama sakafu, kwa aibu yangu. Nilidhani mambo yameishia hapo.

Siku yenyewe niliomba wote watoke sebuleni, kwa kuwa mtandao ulikubali kufika hapo tu, kando ya dirisha. Kwenye kioo wakatokea wazungu wawili, na katikati yao mama mmoja wa Afrika Magharibi mwenye kilemba kirefu, ambaye ndiye aliyekuwa mwenyekiti. Tulizungumza Kifaransa. Akaniomba nitaje jambo nililolifanya ninalojivunia. Nikafungua mdomo, na waliotoka humo walikuwa mafundi wa Ndosho.

"Hao tumewasikia," alisema. "Na wewe?"

Nilijua kabisa kwamba bursi ilikuwa inaniponyoka pale pale, na ulimi haukunisaidia. Kisha nikasikia kiti kinaburutwa. Mjomba akaketi kando yangu, amevaa koti la harusi lenye mikunjo ya begi, amefunga vifungo vyote.

"Karibuni sana," aliwaambia. "Mulishakula?"

Ningeweza kusema umeme umekatika. Goma hakuna anayebisha habari hiyo. Badala yake nikasema ukweli: huyu ni mjomba wangu, na kwa desturi yetu mtu hajisemei, ana msemaji. Wale wazungu wakatazamana. Mwenyekiti akacheka hadi kilemba kikatikisika.

"Hata kwetu ni hivyo," alisema. "Aseme. Wewe utatafsiri."

Hiyo ndiyo ilikuwa adhabu yangu: kujisifu kwa mdomo wangu mwenyewe, kwa maneno ya mtu mwingine.

"Huyu mutoto," mjomba alianza, akinyoosha mkono juu ya kichwa changu kama anayeonyesha ng'ombe, "wakati tulifika huku na vita, tulikuwa tunakunywa maji ya ziwa. Batoto banahara. Ni ye aliendaka kugombana na bakubwa, kila asubui, mupaka robinet ikatoka. Bale bakubwa banamununia mupaka leo."

Nikatafsiri: "Anasema nilishirikiana na mamlaka husika."

Mwenyekiti akainamisha kichwa. "Mbona yeye amesema maneno mengi?"

Nikarudia tafsiri: "Anasema niligombana nao kila asubuhi hadi bomba likatoka maji. Bado wamenuna."

"Afadhali," alisema, akaandika.

Kuanzia hapo sikupunguza kitu. Nilitafsiri kwamba sina mchezo, kwamba nilikorofishana na mwanajeshi wa kambi ya Katindo aliyetaka kujaza madumu yake kabla ya akina mama, na kwamba hata mama yangu mzazi ananiogopa. "Ni kweli!" mama akaitikia kutoka mlango wa jikoni, na hilo pia nikalitafsiri.

Mwishoni mzungu mmoja akauliza swali nililokuwa nimelikariri wiki nzima. Wengi huahidi kurudi, alisema, na nchi yenu ina vita. Kwa nini tukuamini? Nilikuwa na jibu zuri lenye taifa na mustakabali ndani yake. Mjomba akanigusa.

"Anasema nini?"

Nikamweleza. Akasimama, kwa kuwa kwenye harusi msemaji husimama akifika penye uzito. Kamera ikabaki na vifungo vya koti.

"Baambie hivi. Huyu hatumuoze. Tunabaazima tu. Kama hakurudi, bakuje banichukue mimi. Nitaenda."

Nilitafsiri neno kwa neno. Hakuna aliyecheka.

Bursi nikaipata, nikaenda. Mama alinifungia sambaza, wale dagaa wa ziwa letu, waliokaushwa, wakanuswa kwenye viwanja vya ndege vya nchi tatu. Huko nilisoma namna ya kuendesha huduma za umma mahali ambapo ukifungua bomba maji hutoka, na hakuna anayeshangaa. Nilipotakiwa darasani kueleza uwezo wangu, nilianza na "Mjomba wangu anasema," na kila kitu kikatoka bila shida.

Kisha vita, ambavyo kwa muda mrefu vilikuwa vinazunguka mji, vikaingia mjini kwenyewe. Niliviona kwenye simu, nikiwa nimekaa kwenye basi safi, na nikaogopa kuliko nilivyowahi kuogopa nikiwa nyumbani. Masomo yakaisha. Nikapewa nafasi ya kazi hukohuko. Wenye bursi nao wakaniandikia kwamba, kwa hali ilivyo, sharti la kurudi linaweza kungoja. Nilifurahi. Sioni sababu ya kuficha: nilifurahi sana, nikapika wali.

Nikampigia mama. Wote walikuwa wazima. Kisha akaanza kucheka.

"Mujomba yako alivuta begi yake karibu na mulango. Anasema muda yako imeisha. Bakikuja kumuchukua, asibakawize."

"Mama, mwambie hakuna mutu atakuja!"

"Nilimwambia. Anasema ye alitoa neno."

Nilicheka hadi machozi yakatoka, na machozi yakaendelea baada ya kicheko kuisha. Mtu huyu ameahidiwa amani mara nyingi kuliko mtu yeyote ninayemjua, na kila mara akabeba begi lake akakimbia. Na sasa alikuwa anawangoja wageni watatu wa kwenye kioo, asije akaonekana mwongo. Nilimkasirikia. Nilimpenda mno. Wali ukapoa.

Uwanja wa ndege wa Goma ulikuwa umefungwa, kwa hiyo nilishukia nchi jirani, nikavuka mpaka kwa miguu, nikiburuta sanduku. Sikujua kama idara yangu bado ingekuwa na kiti changu, wala bosi wangu angekuwa nani. Nilifika Keshero mchana. Mjomba alikuwa ameketi karibu na mlango, amevaa viatu, begi liko miguuni.

Alinitazama kuanzia juu hadi chini, kama mtu anayepokea kitu alichokiazimisha.

"Bamekurudisha?"

"Nimerudi mwenyewe, mujomba."

"Hakuna kitu iliharibika?"

"Hakuna."

Akafungua zipu ya begi. Akatoa koti, akalikung'uta, akatafuta mahali ukutani. Hapakuwa na nafasi, kwa hiyo akalitundika kwenye msumari wa kalenda, juu ya kalenda yenyewe. Kisha akatoa mashati, moja moja, akampa mama ayaweke kabatini.