Ukungu wa Papa Damascène

Papa Damascène wa Nyamitaba aliutaka uprezidenti wa koperative ya maziwa hadi usingizi ukamkimbia. Kila aliyekutana naye njiani alivikwa kilemba cha ukoka. Polycarpe, kiongozi wa kwaya, aliambiwa ana sauti ya malaika. Mama Rosalie, mtengenezaji wa jibini wa kilima cha ng'ambo, aliambiwa jibini yake inafaa meza ya askofu.

Ya moyoni alimtunzia mdogo wake Paul, aliyeko Goma. Rezo ya simu inashika mahali pamoja tu, kwenye jiwe lililo ukingoni mwa malisho, na hapo njo alipanda kila asubuhi. Hewa ikiwa wazi, akiona hata moshi wa jiko la Rosalie, aliongea kwa adabu. Ukungu ukijaa bondeni, moyo ulimtulia: asiowaona hawamsikii. Hiyo ndiyo akili iliyotaka kutuongoza, jamani.

Ukungu unazuia macho tu. Mwanga ukiingia humo unagonga vitone vya maji na kutawanyika. Sauti inavipita kama havipo. Tena asubuhi, baridi ikilala bondeni na joto likibaki juu, sauti inayopanda hupindishwa ikarudi chini, hadi uani kwa watu. Ndiyo maana wachungaji wetu huitana kilima kwa kilima saa hizo hizo, na Damascène mwenyewe aliita hivyo tangu utotoni. Lakini mtu akishika simu, anajiona yuko chumbani kwake.

"Paul, huyu Polycarpe akiimba, ngombe zinakausha maziwa," alipaza, maana rezo ilikuwa mbaya. "Na fromaji ya Rosalie iko inanuka sawa miguu ndani ya bote. Lakini nitafanya je? Wajinga njo wanachagua."

Ng'ambo, Rosalie alikuwa anakamua. Aliacha kukamua, akasikiliza hadi mwisho, kisha akaenda kuita majirani. Asubuhi za ukungu zilizofuata walikuja uani kwake na viti.

Siku ya kuchagua, kila mtu alipaswa kusimama nyuma ya anayemtaka. Damascène alikuja na koti lake la harusi. Watu wakajipanga nyuma ya Polycarpe, ambaye hakuwa hata ameomba. Nyuma ya Damascène alisimama mkewe Verdiane peke yake, akitazama pembeni. Aibu ilimchoma Damascène hadi masikioni.

"Papa Damascène, hatukutupi," Rosalie alimwambia kwa upole. "Utakuwa mutangazaji wetu. Sauti yako inafikaka muzuri, hata kukiwa ukungu."

Kesho yake alipanda jiwe lake bila simu, asione hata miguu yake mwenyewe. Tangazo la kwanza lilikuwa jina la prezidenti mpya. Akalipaza. Kilima cha ng'ambo kikamrudishia lile lile: Polycarpe.

Kisha sauti ya Rosalie ikatoka ndani ya ukungu, karibu kama yuko pembeni yake.

"Rudilia kidogo, Papa. Rezo iko inakatika."