Uso wa Nabiha Ulipotakata

Ijumaa ile asubuhi Nabiha alikaa kwenye kiti cha dirishani, amefumba macho, na mumewe Abdulfatah akamkata kope. Alitumia mkasi mdogo anaokatia nyuzi za kofia anazoshona.

"Taratibu, Baba Fahim. Hilo jicho, si kofia."

"Tulia basi. Kofia hainisemeshi."

Nabiha akacheka. Wakanywa chai na mahamri. Asubuhi yao ya mwisho ya kawaida ndiyo hiyo, na Abdulfatah hakujua.

Nabiha alizaliwa Lamu, akaolewa Nairobi, na kwa miaka thelathini na mitano aliwapaka hina mabibi harusi wa Parklands. Hakuchora kwanza kwa kalamu kama wengine. Alishika mkono wa msichana, akautazama, akaanza kwenye kidole cha shahada. Akimaliza haongezi kitu.

Kisha ikaja saratani ya pafu, na sigara hajaivuta hata siku moja. Akapewa tembe, moja kila siku. Mwezi wa kwanza uso ukajaa vipele kama wa kijana anayebaleghe. Ncha za vidole zikapasuka, koni ya hina haishikiki. Nywele za kichwa zikawa ngumu na chache, lakini kope zikarefuka mpaka zikamchoma macho. Abdulfatah hakuelewa. Dawa gani inaharibu huku na kuotesha kule?

Daktari Mwongeli alimweleza polepole. Mwilini mna protini ndogo zinazopeleka habari, kama homoni. Zinaiambia ngozi ijitengeneze upya, zinauambia unywele ukue lini na ukome lini. Uvimbe nao unasikiliza habari hizo hizo ili ukue. Tembe inauziba masikio, na ngozi inazibwa pamoja nao.

"Kwa hiyo vipele, mzee, mara nyingi ni dalili dawa inafanya kazi."

"Yaani akiharibika uso ndiyo anapona?"

"Ni kama hivyo."

Njiani akamuuliza Nabiha kama ameelewa.

"Wewe kata kope tu."

Baada ya Ijumaa ile, uso ukaanza kutakata. Vidole vikafunga. Kope hazikuhitaji mkasi. Abdulfatah akasahau yote aliyoambiwa, akaona uso wa mkewe tu. Akanunua halua, akagawia majirani ngazi nzima. "Mama Fahim amepona," akawaambia. Nabiha naye alikula halua.

Wiki ya tano mjukuu wao Laila akaolewa. Nabiha alimpaka mikono mpaka viwikoni, siku nzima, peke yake.

Walipokwenda kliniki, Daktari Mwongeli alimtazama uso, akamuuliza tembe ameacha lini. Nabiha akaitaja Ijumaa ile. Picha ikaonyesha uvimbe umekua.

Aliishi miezi mitano mingine. Abdulfatah amemuuliza daktari mara mbili kama ni zile wiki bila tembe zilizomuua. Daktari anasema hawezi kujua, kwani uvimbe huizoea dawa hata kwa mtu asiyeacha. Abdulfatah hajui alipeleke wapi jibu hilo. Hajui amkasirikie nani. Halua aliinunua mwenyewe.

Siku ile ya kliniki, waliporudi nyumbani, alisimama mlangoni. Nabiha akavua viatu, akaketi, akamwambia, na maneno yake yalikuwa haya:

"Laila ameshapakwa, Baba Fahim. Lete hizo tembe nimeze, na usinitazame kama mtu aliyekuibia."