Mashine Nne, Bei Moja

Asteria, Mama Limi kwa majirani, alikuwa fundi wa kuondoka. Ukimtajia bei asiyoitaka hakubishana. Alijifunga kitenge vizuri, akaaga kwa adabu, akajiendea polepole. Kabla hajafika barabarani ungemwita. Kila msimu aliuza mpunga wake Kahama kwa mtindo huo, na kila msimu aliitwa.

Mwaka huu aliondoka kwenye mashine ya kwanza ya kukoboa mpunga akiwa na wasiwasi. Jioni ile ilikuwa lazima ampigie Donatus, mwenye majaruba ya mpunga anayoyakodi, amwambie kodi imepatikana. Akichelewa yanakwenda kwa mwingine, na bila majaruba atalima wapi? Alitembea polepole kuliko siku zote. Nyuma yake kimya. Edson, karani wa mashine hiyo waliyejuana naye miaka mingi, alikuwa akichezea simu.

Basi akaacha magunia pale, akafunga mpunga kidogo kwenye leso, akaenda mashine ya pili. Bei ileile. Ya tatu, ileile. Ya nne hata fundo hawakulifungua. Walimtajia bei kabla salamu haijaisha. Wafanyabiashara wanne wa Kahama wakubaliane neno moja? Tangu lini?

Alirudi kwa Edson, akamuuliza kulikoni. Kijana wa watu akashusha sauti.

"Zote nne kazinunua tajiri Marselino, mama. Mabango ya zamani tu ndiyo kayaacha. Na bei ya asubuhi imeshashuka."

"Imeshushwa na nani?"

"Na yeye. Atashindana na nani?"

Mwenye nguvu mpishe, walisema wahenga. Hawakusema umpishe uelekee wapi. Asteria aliuza, akampigia Donatus palepale kumsihi apokee pungufu.

Donatus alisikitika, na alisikitika kweli. Majaruba yalikuwa yamechukuliwa mchana, pamoja na ya majirani wote mpaka mtoni. Tajiri mmoja wa mjini kalipa kodi ya misimu mitatu mbele. Asteria hakuuliza jina.

"Ila anatafuta vibarua wa kupandikiza," Donatus akaongeza. "Wenzako wengi wameshajiandikisha. Nikuweke?"

Aliuliza ujira ni kiasi gani, na kama mtu anaweza kuzungumza naye kidogo.

"Ni mmoja kwa wote, Mama Limi. Hakuna mazungumzo."

Aliogopa hata kunyamaza, nafasi isije ikajaa.

"Niweke," akasema. "Mimi na Limi."