Nilivyomngojesha Mpishi wa Stesheni

Huku Rungwe reli haijawahi kufika, kwa hiyo vijana wa kanisani kwetu Lupepo hupenda niwasimulie stesheni niliyokuwa nikiisimamia. Nawaambia ilikuwa mbali, mwisho wa tawi la reli, ikajengwa kwa ajili ya pamba. Pamba ilipopungua treni nazo zikapungua, mwishowe ikafungwa. Hapo huwa naishia.

Ninayemruka ni mama mmoja wa hapahapa Lupepo. Mumewe alikuwa fundi wa mataruma ya reli kule, akafariki, naye akabaki akipika wali na ndizi kwenye kibanda kando ya reli. Tulikuwa Wanyakyusa wawili tu. Nilikula kwake kila jioni.

Wapishi wenzake walipoanza kuhamia barabarani, kwenye mabasi, alinifuata ofisini.

"Kaka, wewe ndiye mwenye treni. Na mimi nihame?"

Nilikuwa nimeshapigiwa simu nirudishe tiketi zote zilizobaki, stesheni inafungwa. Nilikuwa nimeshaomba uhamisho. Nikamjibu, "Ni matengenezo tu. Vumilia."

Tulikatazwa kusema, ni kweli, lakini si amri niliyoiogopa. Niliogopa kubaki peke yangu, bila chakula chake, ile miezi ya mwisho.

Niliondoka na treni ya mwisho. Yeye akabaki anangoja. Alipokwenda barabarani, nafasi zote nzuri zilikuwa na wenyewe. Akarudi nyumbani mikono mitupu.

Siku hizi anauza mchele wa Kyela pale Msasani, hapa hapa Tukuyu. Nikipita, yeye huwaambia wauzaji wenzake, "Mnamwona huyu? Stesheni masta! Wakubwa walimdanganya hata yeye, maskini."

"Masta," wanadakia, "treni yako ya Tukuyu tuipande lini?"

Nami nilikuwa nacheka nao, miaka yote hiyo.

Mwezi uliopita sikucheka. Nikamwambia, mbele yao, kwamba mimi sikudanganywa. Nilijua.

Aliendelea kuchambua mchele kwenye ungo. "Ulijua siku ile nilipokuja ofisini?"

"Nilijua."

"Na jioni yake ukaja kula."

"Nikaja."

Nilisimama pale nikisubiri anitukane. Nilitamani anitukane. Akainua macho, akanipita mimi mtu mzima niliyesimama mbele yake, akamwuliza mteja wa nyuma yangu anataka kilo ngapi.