Nyumba Yetu Katikati ya Uwanja wa Farasi

Ni mimi. Nimechoka kukana, kwa hiyo leo nasema wazi: yule mwanamke kwenye ile video, aliyejifunga leso kifuani, nywele zimesimama upande mmoja, anapiga reki uwanja mzima huku watoto wa Kizungu waliopanda farasi wanamsubiri amalize, ni mimi Mama Akiru wa Husby, hapa Stockholm. Wengi wenu mliiona kwenye kundi la kanisa kabla hata sijafika nyumbani kuvua viatu, na kuna waliojifanya hawakuiona (nawajua, mlikuwa mkinisalimia huku mnaangalia chini mbavu zikitikisika), sasa acheni niwasimulie ilivyokuwa, maana video haikuonyesha mwanzo wala haikuonyesha mwisho.

Mume wangu Ekai, Baba Akiru, ni mtu wa Lodwar, kule kaskazini mwa Kenya ambako ardhi yote ni mchanga na jua. Mimi ni wa milima ya Taita, nilizaliwa kwenye ukungu na mvua, nikapelekwa Lodwar kufundisha, na wiki ya kwanza nililia nikitaka kurudi kwetu kwa vile nilikuwa natafuna vumbi kila nikifungua mdomo. Basi nikakutana na huyu mchimba visima mwenye gari bovu la shirika, akanioa, na wikendi zetu zikawa na ratiba moja tu: Jumamosi asubuhi tunajenga nyumba yetu kwa mikono yetu wenyewe, yeye anapanga matofali mimi nachanganya saruji, na jua likianza kupoa tunatupa hema nyuma ya gari tunaenda kulala kwenye laga, yaani mto uliokauka, juu ya mchanga laini kabisa, tunachemsha chai na kubishana kuhusu kesho tutajenga nini. Tulijenga sebule, tukajenga chumba chetu, jiko tukaliezeka. Chumba cha mtoto kikabaki msingi.

Kilibaki msingi kwa sababu nilipata nafasi ya kusoma Stockholm. Tulisema nasoma narudi, lakini mnajua wenyewe jinsi mji huu unavyokushika polepole, leo masomo, kesho kazi ya ofisi huko Kista, kesho kutwa mtoto ameanza shule na ukimsemesha Kiswahili anakujibu Kiswidi. Baba Akiru alinifuata, akajifunza lugha, akawa dereva wa basi, na siku zote hakulalamika. Ila Jumamosi asubuhi mtu huyu alikuwa anaamka mapema kama anayeenda kujenga, anazunguka kwenye nyumba ya kupanga ambayo hata rangi ya ukuta ina wenyewe, anagusa kitasa kimoja, anakaza skrubu iliyokaza tangu zamani, halafu anakwenda kusimama kwenye roshani anaangalia maegesho ya magari. Mimi nilikuwa namwona na nikajifanya simwoni.

Sasa mwezi wa tano ikaja simu. Watu wake wa zamani wa visima wanamtaka arudi Lodwar awe msimamizi, na jibu wanalitaka Jumatatu. Aliponiambia alikuwa anamenya viazi, hakuinua kichwa, akasema, "Sijaamua, Mama Akiru. Niambie wewe." Mimi nilijua kwamba akienda anaenda peke yake, maana Akiru ana shule yake na mimi nina kazi yangu, na neno "usiende" lilikuwa limenikaa hapa kooni, lakini nikaona nikilisema nitakuwa nimemfunga kamba. Basi badala ya kusema kama mtu mzima nikajifanya mjanja. Nikasema, "Wikendi hii twende tukapige kambi." Nia yangu ilikuwa nimwonjeshe kidogo kile anachokitamani ili ashibe atulie, kama mtoto anavyopewa kipande cha nyama cha kumnyamazisha wakati chakula hakijaiva.

Jumamosi tukamwacha Akiru kwa rafiki yake, tukapanda tunnelbana, treni ya chini ya ardhi, halafu basi hadi mwisho wa njia (njia nzima alikuwa akimkagua dereva mwenzake anavyofunga breki), tukaingia msituni. Nchi hii inaruhusu mtu kulala porini usiku mmoja bila kuomba kwa yeyote, hilo nalijua vizuri. Lakini jamani, msitu wenyewe! Kila mahali ni jiwe, pasipo jiwe ni mzizi, pasipo mzizi ni unyevu. Kigingi kimoja cha hema kilipinda, cha pili kikaruka kikapotea kwenye majani, na Baba Akiru akakaa juu ya jiwe akawa ananitazama kwa huruma, namna unavyomtazama mgeni aliyekupikia chakula kibaya. Nikaona mpango wangu unazama. Nikamwambia tusogee mbele kidogo.

Hapo mbele kidogo ndipo tulipopaona. Miti ikakatika, na katikati ya nyasi pakatokea uwanja mkubwa wa mchanga, jamani, mchanga safi wa rangi ya majani makavu, umezungushiwa ua mweupe, na jua la jioni limeulalia wote. Baba Akiru alisimama. Akavua kiatu kimoja, akavua cha pili, akatia mkono kupitia kwenye ua, akachota, akaachia mchanga uteremke kati ya vidole.

Langoni palikuwa na kibao, nami ndiye msomaji wa Kiswidi, nikakisoma. Kilisema, "Tafadhali funga lango." Basi. Hakikusema usiingie, wala hakikusema uwanja ni wa nani. Sisi kama raia wema tukaingia, tukafunga lango.

(Najua mtaniuliza: hamkuona alama za kwato? Tuliziona. Tuliona hata mavi ya farasi. Lakini mtu wa Lodwar akiona alama za kwato na mavi roho yake inatulia, maana penye mifugo pana watu na pana maji, na Baba Akiru akasema, "Hapa tuko salama." Mimi nami nikajiambia kwamba hao farasi wameshaenda kwao kwa wikendi, Waswidi Jumapili hawafanyi kazi.)

Tungelala tu na kuondoka alfajiri, msingesikia kitu. Lakini pembeni mwa uwanja kulikuwa na fito ndefu zilizopakwa rangi nyekundu na nyeupe, zimepangwa vizuri juu ya vishikio, zile za farasi kurukia, na mume wangu akizungumza na mimi huwa hawezi kuacha mikono yake bure. Akachukua ufito mmoja akaulaza chini. Akasema, "Hapa ni ukuta wa sebule." Nikacheka. Akalaza wa pili, akapima kwa hatua zake, nami bila kujijua nikashika ncha ya wa tatu, na kabla jua halijazama tulikuwa tumebomoa vizuizi vyote vya uwanja ule tukaijenga nyumba yetu ya Lodwar chini, sawasawa na ilivyo, sebule, chumba chetu, jiko na mlango wake wa nyuma. Tukaendelea. Tukajenga na kile chumba cha mtoto ambacho hakipo. Tukabishana dirisha likae upande gani, yeye anataka mashariki mimi nataka upande wa upepo, tukabishana kwa sauti kama zamani, na nilikuwa na furaha ambayo sikuwa nayo tangu nishuke kwenye ndege. Nikaingia mle ndani ya kile chumba, nikasimama katikati ya fito nne. Baba Akiru akabaki nje penye mlango, akasema, "Hodi."

Nilitaka kuitika. Badala yake nikakaa chini mchangani nikalia, mimi niliyekuja kumtuliza mwenzangu hamu yake, kumbe hamu yangu ilikuwa imelala tu nayo ikaamka. Alikuja akakaa karibu yangu. Tukapiga hema letu chumbani mwetu, na mchanga ule ukatupokea migongo vizuri mno, tukalala usingizi ambao sijaulala hapa mjini tangu nifike.

Ndiyo maana hatukuamka.

Mlio wa kwato niliusikia kupitia ardhini kabla ya kuusikia masikioni. Baba Akiru bila kufumbua macho akasema, "Ngamia," akatabasamu, akageuka upande wa pili. Nami, usingizi bado umenikaa kichwani, nikajifunga leso nikatoka mbio nikiwa nimeinua kandambili juu, nikipiga kelele zile tunazofukuzia mifugo isitukanyage hema: "Haaai! Toka! Toka hapa!"

Mbele yangu alikuwepo farasi mdogo mweupe aliyesukwa nywele, juu yake msichana mwenye kofia ngumu na koti jeusi la heshima, mdomo wazi. Nyuma yake mwingine. Nyuma yao foleni nzima. Na kando ya ua wote walikuwepo wazazi, mababu na mabibi, na chupa zao za kahawa na viti vya kukunja. Ilikuwa siku ya mashindano ya watoto. Mimi nikashusha kandambili polepole, kama mtu aliyekuwa anajinyoosha tu.

Mama mmoja wa buti za kijani, mkononi ana kipaza sauti, akaja. Hakufoka. Waswidi wakikasirika hupunguza sauti, na yule mama nilimsikia kwa taabu. Alitutazama sisi, akalitazama hema, akazitazama fito zake, akauliza kwa upole: "Bor ni här?" Yaani, je, mnaishi hapa? Kiswidi changu chote cha ofisini Kista, cha mikutano na kahawa, kikayeyuka.

Ni Baba Akiru aliyemjibu. Alitoka hemani suruali imekunjwa hadi magotini, akajipangusa mchanga shavuni, akasimama wima, akasema kwa Kiswidi chake cha kwenye basi, "Hapana, hatuishi hapa. Nyumba yetu iko Lodwar. Lakini ni hii." Na akaanza kumwonyesha! "Hapa sebule. Karibu, pita mlangoni, huo ni ukuta." Yule mama wa buti, sijui kwa mshangao au kwa adabu, akazunguka akapita mlangoni. Watoto wakashuka kwenye farasi wakaja. "Hapa jiko, linatazama nyuma kwa sababu ya upepo. Hiki chumba cha binti yetu, bado hatujakijenga." Msichana mmoja akauliza choo kiko wapi, na Baba Akiru akanyoosha kidole nje ya ua, pale pale alipokuwa amekaa babu mmoja na kahawa yake, na yule babu akaruka akahamisha kiti. Watu wakacheka. Mimi nilikuwa natafuta shimo la kuingia.

Na hapo ndipo nikasikia kutoka kwenye ua: "Mama Akiru! Ni weye? Yesu wangu! Mulilala humu na mafarasi?"

Mama Neema. Mama Neema wa Bukavu, karani wa kanisa letu, kumbe mjukuu wake anajifunza farasi, na simu yake ilikuwa imeshainuka. Nikamwambia kwa macho tafadhali. Akasema, "Geuka kidogo, jua iko inanipiga." (Na yeye, mkumbuke, ilikuwa Jumapili na hakuwa kanisani, lakini hilo hakuna aliyelisema.) Basi tukarudisha fito zote kwenye vishikio, na yule mama wa buti akanikabidhi reki kwa tabasamu, nikausawazisha uwanja wote kutoka sebuleni hadi jikoni mbele ya umati. Hiyo sehemu mliiona.

Tulipanda treni kurudi nyumbani, vituo kadhaa vikapita. Halafu Baba Akiru akaanza kucheka, "Ulimwona yule mzee alivyoruka?", akacheka mpaka machozi, nami nikacheka mpaka mtu akahama kiti. Tulipomaliza akajipangusa macho, akanitazama. "Kesho ni Jumatatu. Niambie basi."

Neno langu, lile "usiende", nilikuwa nalo tayari. Lakini nilikuwa nimeshamwona amesimama pale mchangani mbele ya watu wasiomjua, hana aibu hata chembe, anawakaribisha ndani, na sikumbuki lini hapa Stockholm nilimwona amesimama hivyo. Nikasema, "Nenda. Nenda kakijenge kile chumba. Shule ikifungwa tutakuja."

"Na wewe hapa?"

"Mimi nitakuwepo."

Aliondoka mwezi wa nane. Chumba kimefika kwenye lenta, ile boriti ya juu ya madirisha, ananionyesha kwenye simu, dirisha ameliweka upande wa upepo kama nilivyotaka, na Akiru ameuliza kwa Kiswidi kama kule kuna intaneti. Jumamosi asubuhi sasa ni mimi ninayeamka mapema na kusimama kwenye roshani.

Kwa hiyo nawaambia dada zangu, ukitaka mume abaki, usimpeleke kwenye mchanga. Mimi nimeapa sipigi kambi tena nchi hii, si msituni, si uwanjani, hata kama kibao kitaniambia karibu. Mama Neema aliniuliza hema nalifanyia nini sasa, nikampa, alichukue, wajukuu wake wakachezee. Hema silitaki. Ninayemtaka ni Baba Akiru, nina hamu naye jamani, na hilo hata mkilirekodi mkalituma kwenye kundi la kanisa, safari hii sitawakataza.