Majani ya Mfereji

Yale majani aliyekuwa akiyajua ni mama yangu. Yanatambaa kando ya mfereji, nyuma ya migomba yetu, madogo ya mviringo, na bibi ndiye aliyemfundisha kumchemshia mtu anayeanza kusahausahau. Leo anayesahau ni yeye, na mchemshaji ni mimi, binti yake, nisiye na subira hata ya kungoja chai ipoe.

Daktari mjini aliniambia kwa upole kwamba majani hayo yamejaribiwa kwa panya, na huenda yanakinga mishipa ya fahamu isiharibike. Kwa binadamu wataalamu bado hawana hakika, na kilichokwisha kuharibika hakirudi. Mimi nikasikia ile “huenda” tu. Mfa maji haachi kutapatapa.

Basi kila Jumamosi napanda kutoka Pasua, kule mjini, hadi kwa mama, nachuma, nachemsha, natia asali, na tunagombana. Mama anasema ni machungu. Siku hizi nikiingia tu ananiamkia: shikamoo. Jamani, mama mzazi! Sijawahi kumwitikia. Namwambia mimi ni mwanao, wa kwanza, uliyenibeba mgongoni ukichuma kahawa, naye anatabasamu kwa adabu, kama anavyomtabasamia mgeni.

Jumamosi iliyopita alikisukuma kikombe, dawa yote ikamwagika. Nikafoka, “Kunywa, Mama! Unataka unisahau kabisa?”

Nikaenda jikoni kulia, maana mbele yake sitaki.

Niliporudi kiti kilikuwa kitupu. Nilimkuta kwenye ua wa masale unaozunguka nyumba, anachuma jani. Kwetu Uchaggani, anayekuletea jani la isale lililopigwa fundo anaomba msamaha, na ukiletewa huruhusiwi kukataa, hata kama kosa lake ni la damu. Vidole vyake vimeshindwa vifungo vya sweta tangu mwaka jana, lakini jani lile alilipiga fundo vizuri kabisa. Akanipa kwa mikono miwili, akainamisha kichwa.

“Shikamoo, mama,” akasema. “Nimekukosea, nisamehe. Ila sikujui wewe ni nani.”

Nilitaka kukataa, nimrudishie jani lake, nimwambie tena mimi ni nani, mpaka akubali. Lakini isale haikataliwi, na aliyenifundisha hivyo ni yeye. Nikalipokea.

“Marahaba,” nikamwitikia.