Ng'ombe wa Mahari Aliyerudishwa

Nakumbuka asubuhi moja ya kiangazi huko kwetu Migato, ng'ombe wa mahari yangu waliposimama mlangoni mwa zizi, na baba mkubwa Jilala akakataa kumfungulia mmoja.

Mwanangu, wewe uliyeniambia jana kwamba vidonge vyako vya kifua umeviweka kando kwa sababu kikohozi kimekwisha, sogea hapa. Usikunje uso, sijaanza hata kugomba.

Miaka hiyo soko huria lilikuwa limeingia. Dawa za mifugo, ambazo zamani tulizipata kwa bwana mifugo tu, sasa zilipangwa mnadani pamoja na mitumba na masufuria, na kila mtu akawa daktari. Ng'ombe wa babu yako Limbu, mzazi wa mchumba wangu Masanja, walikuwa na ugonjwa wa ngozi: vinundu miguuni, vinapasuka, vinafunga, vinarudi. Ulikwenda polepole ugonjwa ule, na simba mwenda pole ndiye mla nyama. Bwana mifugo akaomba kuwajaribia dawa. Wengine aliwapa dawa moja, wengine mbili kwa pamoja, akasisitiza asitolewe hata mmoja mpaka mvua zirudi, maana alitaka kuona kitakachotokea dawa zikishakoma.

Babu yako hakungoja. Dume mmoja mwekundu, wa dawa moja, alionekana amepona kabisa: vidonda vimefunga, manyoya yameota, ananawiri. Akamchanganya kwenye mahari.

Basi siku hiyo pombe imeiva, shangazi zangu wameshaanza vigelegele. Baba mkubwa, aliyekuwa mkaguzi wa upande wetu, akainama, akapitisha mkono mguuni mwa yule dume, akabonyeza.

"Humu chini pana kitu kigumu kama kamba," akasema. "Huyu arudi."

Nikasahau kwamba bibi harusi hutakiwa kutulia. "Baba mkubwa, si vidonda vimefunga? Utanivunjia ndoa kwa ng'ombe mmoja?"

"Ng'wanawane, mwanangu," akanijibu bila kupaza sauti, "mwenye haraka ni wewe, ugonjwa hauna haraka. Nikimwingiza huyu utaolewa leo, na mwakani mama yako atakamua ng'ombe wenye vidonda."

Babu yako alifoka, akasema ametukanwa. Mimi nililia kwa hasira na aibu, nikamchukia baba mkubwa kwelikweli. Masanja peke yake hakugombana na mtu. Alishika kamba ya dume wake, akasema, "Nitarudi, mzee," akaondoka.

Mvua zilipoanza, mguu ule ukapasuka palepale baba mkubwa alipobonyeza. Bwana mifugo alitueleza kwamba dawa moja iliulaza tu ugonjwa. Wale wa dawa mbili walibaki safi hata baada ya dawa kukoma. Kidole kimoja hakivunji chawa. Dume mwekundu alichinjwa akafukiwa, na Masanja, aliyemlea tangu ndama, alishindwa kula siku hiyo.

Tulipomaliza kuvuna pamba ya mwaka uliofuata, Masanja alirudi na mtamba aliyemaliza dawa zote mbili. Baba mkubwa akabonyeza mguu mmoja, akahamia mwingine, akarudia wa kwanza. Kisha akafungua zizi mwenyewe, akasema, "Aingie."

Mwanangu, nyumba njema si mlango. Kikohozi kunyamaza si kupona. Meza dawa mpaka aliyekupa aseme basi. Na mtu akikuzuia kwa sababu ameona kilichojificha, usimchukie kama nilivyomchukia mimi. Ng'ombe wa mama yangu hawakupata kidonda hata kimoja, na baba mkubwa alikufa kabla sijapata ujasiri wa kumshukuru. Hilo bado linaniuma.

Mungu akupe kifua kizima, uishi upokee mahari ya binti zako na uyakague kwa mkono wako. Haya, baba yako Masanja huyo anakuja na kikombe cha maji. Vidonge viko wapi?